Mali za Ndoa: Jina la Mama Halitakuokoa

Kuna ushauri usiokufa vijiweni wala kwenye makundi ya WhatsApp ya wanaume: kiwanja, nyumba na gari, andikisha kwa jina la mama yako. Ulipata nguvu Aprili 2023, uliposambaa uvumi kuhusu mchezaji mpira mmoja wa Morocco anayecheza Paris, kwamba mkewe alidai talaka na nusu ya mali, akaambiwa jamaa hana kitu, kila alichochuma kimo kwa jina la mama yake mzazi. Uvumi ule haukuwahi kuthibitishwa. Haikujalisha, watu waliupokea kama nasaha. Miezi mitatu kabla yake, tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imetoa hukumu ambayo mitandaoni ilifupishwa kwa maneno machache: mke hapati nusu mpaka aonyeshe alichochangia. Tangu hapo mambo hayo mawili yamefungwa kamba moja, na kila ndoa ya msanii au mwanasiasa inapovunjika mjadala unarudi palepale. Wapo wanaosema sheria inamkabidhi mwanamke nusu ya jasho la mwanaume. Wapo wanaojibu kwamba nusu ni haki yake na anayeikataa ni dhalimu.

Kwa maoni yangu wote wanagombania kitu ambacho hakipo. Si Tanzania Bara wala Kenya, hakuna mahakama inayompa mtu nusu kwa sababu tu alifunga ndoa. Vilevile hakuna mahakama inayopaswa kufunga faili kwa sababu tu hati ina jina la fulani. Kinachopimwa ni mchango, na mchango hupimwa kwa ushahidi. Hapo ndipo penye tatizo, nalo halizungumzwi kwa kuwa halina utamu wa kijiweni. Sheria yetu ya Bara imewaelekeza mahakimu kuelekea kwenye mgawanyo sawa tangu 1971. Lakini ukifuatilia kesi hizi utaona zinaendeshwa kana kwamba mali yote ni ya mwenye mshahara hadi mwenzake athibitishe vinginevyo, tena kwa karatasi ambazo nyumba ya kawaida haizitunzi.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, ilitungwa 1971 na inatumika Bara. Zanzibar wana utaratibu wao, na ndoa za Waislamu huko zinakwenda Mahakama ya Kadhi. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambazo mume na mke walizichuma kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Mahakama inatakiwa kuzingatia mila za jamii wanayotoka, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyapima hayo, inasema sheria, mahakama ielekee kwenye usawa. Madeni yamo humo, jambo ambalo wanaodai nusu hulisahau: anayepata sehemu ya nyumba anaweza kujikuta na sehemu ya mkopo uliojenga hiyo nyumba, na zama hizi za mikopo ya kausha damu hilo si jambo dogo. Mali ambayo mtu alikuja nayo kabla ya ndoa haimo, isipokuwa iwe iliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Kijana aliyejenga Kibaha akiwa bado kapera, akaoa, wakaachana baada ya miaka minne bila kuongeza hata tofali moja kwenye ile nyumba, anakosa usingizi bure.

Je, kupika, kufua na kulea watoto ni mchango? Kwa zaidi ya miaka kumi majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika juu ya hilo, mpaka kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilipofika Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemnyima mama huyo sehemu ya nyumba kwa hoja kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba ilinunuliwa na mume kwa fedha zake. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Mawakili wameinukuu hukumu hiyo kwa miaka arobaini sasa, na wengi huishia hapo. Ambacho hakisimuliwi sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu katika ile nyumba. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi, mahakama ikaona alizitapanya, na kwa hesabu yao fungu lake likawa limekwisha kupotelea huko. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akarudi nyumbani mikono mitupu. Naona kisa hicho kina mafunzo kuliko hata kanuni iliyotokana nacho: kukubaliwa kwamba ulichangia ni hatua moja, na kukadiriwa ni kiasi gani ni hatua nyingine, ndefu zaidi, ambako kila kitu kinategemea kile hakimu anachoweza kukiona mezani pake.

Kenya wamefika pahala karibu na hapo kwa njia ya kuzunguka. Mwaka 2007 Mahakama yao ya Rufani, wakiwa wamekaa majaji watano, ilikataa kuhesabu kazi za nyumbani peke yake. Mke alitakiwa aonyeshe mchango wa fedha, wa moja kwa moja au wa kupitia matumizi mengine ya nyumba. Katiba ya 2010 ikaja na ibara ya 45(3), inayowapa wanandoa haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Wengi waliisoma kama nusu kwa nusu. Bunge halikuwafuata. Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013, katika kifungu cha 7, inasema mali inagawanywa kwa kadiri ya mchango, ingawa katika kifungu cha 2 imeupanua mchango hadi kazi za ndani, malezi, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, na hata kule kuwa mwenza tu. Chama cha wanasheria wanawake, FIDA-Kenya, kilikwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu cha 7, kikashindwa mwaka 2018. Kwa hiyo hukumu ya 2023 haikuleta jipya kubwa. Ilithibitisha kwamba usawa wa Katiba hauna maana ya kukata mali katikati bila kuuliza maswali.

Lakini ni wangapi walioisoma hukumu ile hadi mwisho? Wahusika wake wanatambulishwa kwa herufi tu. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba waliyoishi na asilimia 20 ya nyumba za kupangisha. Mahakama ya Rufani ikampandisha hadi nusu. Mahakama ya Juu, hiyohiyo inayosifiwa vijiweni kwa kuifuta nusu, iliiacha nusu yake palepale kwa kuwa iliridhika na ushahidi wa mchango wake. Siku hiyohiyo majaji haohao waliamua kesi ya mwanamke na mwanaume walioishi pamoja bila kufunga ndoa. Walikataa kuwahesabu kuwa mume na mke, lakini bado wakamtengea mwanaume asilimia 30 ya mali iliyogombaniwa na mwanamke asilimia 70. Yaani mwanaume ndiye aliyekwenda kudai fungu lake kwa mwanamke, akapata. Hiyo haikuvuma.

Nusu tunayoigombania imetoka wapi basi? Nashuku imetoka kwenye filamu na habari za mastaa wa California, ambako kweli mali iliyochumwa ndani ya ndoa huanza kuhesabiwa kwa nusu. Hata Marekani kwenyewe majimbo yenye mfumo huo ni tisa tu. New York na mengine mengi hugawa kwa kadiri jaji anavyoona ni haki. Ndugu zetu walioko Ohio na Minnesota wanaotuma ushauri wa talaka nyumbani kwa sauti za dakika tano wangetusaidia sana wakianza kwa kuuliza sheria ya jimbo lao wenyewe.

Sasa turudi kwa mama. Ukiandikisha kiwanja kwa jina lake, mkeo anaweza kuleta ushahidi kwamba fedha zilitoka mfukoni mwako, fundi alilipwa na wewe, na kodi ya wapangaji huingia kwenye simu yako kila mwezi. Kifungu cha 138 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kutengua uhamishaji wa mali uliofanywa kwa nia ya kumnyima mwenza haki yake. Kesi ya namna hiyo si nyepesi, na wapo wanaume wanaovuka salama, kwa sababu hatua ya kwanza ya kuthibitisha nia ya mtu ni ngumu kwa mke asiye na wakili. Basi tuseme umevuka. Umeingia kwenye nini? Nyumba sasa ni ya mama kwa sheria na kwa karatasi. Mama akifariki inaingia kwenye mirathi yake, na hapo kaka zako, dada zako na mzee kama yu hai, wote ni warithi. Utasimama kwenye kikao cha ukoo, siku chache baada ya maziko, ueleze kwamba ile nyumba ya Mbagala kwa kweli ni yako, ulimwandikisha marehemu ili kumkwepa mkeo? Shahidi wako atakuwa nani? Mdogo wako ambaye hakuchangia hata msumari atadai fungu lake, na sheria itakuwa upande wake. Na ukitangulia wewe, watoto wako hawana nyumba. Ni ya bibi yao, na bibi akiondoka inaweza kuishia kwa mashangazi na baba wadogo. Mwanaume anayemkwepa mke kwa njia hii mara nyingi anawanyang'anya wanawe.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayosema wanawake wanaolewa ili waachike na kutajirika. Nitaijibu ingawa najua wanaoishikilia hawasomi vifungu. Bara, huwezi kupeleka ombi la talaka kabla ya miaka miwili ya ndoa bila ruhusa maalumu ya mahakama. Ukishavuka hiyo, unatakiwa kwanza upitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo kwa wengi wetu ni la kata, lijaribu kuwapatanisha na lishindwe. Kisha uithibitishie mahakama kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika: ukatili, uzinzi, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu na kadhalika. Ndipo uanze kuthibitisha mali ipi ilichumwa lini na wewe ulitia nini. Mali za kabla ya ndoa zimekaa kando. Ukishinda, mwenzako anakata rufaa, na rufaa ina ngazi. Mwenye nia ya kutajirika haraka angeanzisha upatu.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi, nayo inastahili kusikilizwa kwa makini: kwa nini tusiandike nusu kwa nusu kwenye sheria, tukamaliza? Faida yake ni uhakika. Mke aliyekaa nyumbani miaka ishirini hahitaji kuhesabu sahani alizoosha. Hakimu hana nafasi ya kupenyeza mtazamo wake. Wanandoa wanaweza kukubaliana nje ya mahakama kwa kuwa kila mmoja anajua atakachopata. Nimewahi kuiunga mkono hoja hii mezani na marafiki, na bado naona ina uzito kwa ndoa ndefu yenye watoto. Lakini iangalie ikiingia mitaani kwetu. Mama mwenye fremu Kariakoo, anayeamka alfajiri kwenda kupokea mzigo, huku mume akishinda kwenye bao na jioni akija kuomba hela ya vocha, naye atakatwa nusu. Ndoa ya miaka mitatu bila mtoto itapewa hesabu moja na ndoa ya miaka thelathini. Na mwenye wake watatu je? Sheria yetu inatambua ndoa za wake wengi, na katika nyumba hizo nusu haina hata maana ya kihesabu. Wakenya walilazimika kuandika kifungu cha pekee kwa hilo: mali aliyochuma mume na mke wa kwanza kabla ya kuoa wa pili inabaki ya hao wawili kwa usawa. Ajabu ni kwamba sheria ileile inayokataa nusu kwa wengine wote imeiandika waziwazi hapo, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo sidhani dawa ni nusu ya lazima. Shida ipo mahali pengine, na ili ionekane lazima tuache vitabu kidogo. Asubuhi moja nilikuwa kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo nimemsindikiza ndugu yangu kwa jambo la mirathi. Kesi iliyotangulia ilikuwa ya mama mmoja wa makamo. Hakimu, kwa sauti ya upole tu, akamuuliza alichangia nini kwenye ujenzi wa nyumba. Akajibu kwamba alikuwa anauza vitumbua na chapati, na hela ya vitumbua ndiyo iliyolisha familia ili mshahara wa mume uende kwa fundi. Akaulizwa kama ana kielelezo chochote. Akafungua mkoba akatoa daftari la kikoba, limekunjika pembe, lina majina ya akina mama na hisa zao kwa wiki. Hakimu alilifungua, akalipitia kurasa mbili tatu, akalirudisha. Hakuna mahali liliposema nyumba.

Fikiria namna fedha zinavyotembea ndani ya familia ya kawaida. Za mke, hasa asiyeajiriwa, huishia kwenye vitu vinavyokwisha: unga, mkaa, nauli za shule, dawa ya mtoto usiku. Za mume huenda kwenye vitu vinavyobaki: kiwanja, saruji, nondo, mabati. Wala si lazima kuwe na hila. Ni mgawanyo wa kazi ambao wengi wetu tumeukuta, na bila ule upande wa kwanza ule wa pili usingewezekana, kwa kuwa mshahara hauwezi kununua nondo na unga kwa wakati mmoja. Lakini ndoa ikivunjika, kinachobaki na karatasi ni nondo. Duka la vifaa vya ujenzi lilitoa risiti kwa jina la aliyelipa, wakati muuza unga hakutoa kitu. Mahakama inayouliza nani alinunua nini imeshaamua nusu ya kesi kabla ya mtu kufungua mdomo.

Karatasi muhimu kuliko zote huandikwa mapema kuliko tunavyodhani. Viwanja vingi mijini kwetu havina hati miliki. Kilichopo ni hati ya mauziano iliyoandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ina jina la muuzaji, jina la mnunuzi, mashahidi wa kila upande na muhuri wa mwenyekiti. Anayeandikwa mnunuzi ni mume. Mashahidi wake ni rafiki yake na binamu yake. Mke yuko nyumbani anawapikia hao mashahidi. Miaka kumi na tano baadaye, mbele ya hakimu, hao ndio watu pekee wanaoweza kueleza kiwanja kilinunuliwaje, na mmoja wao bado anakunywa kahawa na mume kila jioni. Kuongeza jina la pili kwenye karatasi ile hakugharimu chochote siku ile, na kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kingemaliza ubishi mwingi, maana mali yenye majina ya mume na mke huchukuliwa kuwa ni ya wote kwa mafungu sawa mpaka ithibitishwe vingine. Hilo linamlinda pia mwanaume aliyechanga kwenye kiwanja chenye jina la mkewe, na hao si wachache siku hizi.

Kuna mtego mwingine unaowanasa watu kabla hata hawajafika kwenye mali, nao nitaupitia kwa haraka. Mahakama hugawa mali pale tu inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya kuitoa. Mume wa Kiislamu akitoa talaka nyumbani, hata akiiandika na mashahidi wakatia saini, Bara kisheria ndoa bado ipo mpaka mahakama iseme imevunjika. Sheria imeweka njia nyepesi kwa ndoa za Kiislamu, kwamba baraza likishathibitisha kushindwa kusuluhisha na talaka ikatolewa baada ya hapo, mahakama itoe amri bila kuchimba zaidi. Ila mpangilio ni huo: baraza kwanza. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba ombi la talaka lisilo na hati ya baraza limefika kabla ya wakati wake. Watu wameshinda mahakama ya chini, wakagawiwa mali, kisha kila kitu kikafutwa kwa kukosekana karatasi hiyo moja. Yapo mazingira ambamo sheria inaruhusu kuruka baraza, kwa mfano mwenza amekutelekeza na hujui aliko, au ameitwa akakataa kwa makusudi kufika. Yanatakiwa yaelezwe mahakamani tangu mwanzo, si kukumbukwa kwenye rufaa. Na wale wanaosema ukikaa na mtu miaka miwili umeshakuwa mkewe: kifungu cha 160 kinaweka dhana tu, tena dhana inayoweza kuvunjwa, na mtu ambaye tayari ana ndoa ya mke mmoja mahali pengine, isiyovunjwa, huivunja kirahisi.

Haya yote yana maana gani kwa mjadala wetu? Kwanza, mahakama haihitaji kulisubiri Bunge ili irekebishe jambo kubwa kuliko yote, yaani mahali pa kuanzia. Kama sheria inasema mahakama ielekee kwenye usawa, basi hesabu ianze kwenye usawa, na anayetaka zaidi ndiye abebe mzigo wa kueleza kwa nini. Mume atakayesema mkewe alikuwa mzigo alete ushahidi. Mama wa Kariakoo alete vitabu vyake vya mauzo, apewe kinachomstahili. Ndoa fupi itajieleza yenyewe. Mzigo ukikaa upande huo, daftari la kikoba halihitaji kuthibitisha nyumba. Linatosha kuonyesha kwamba kulikuwa na mtu wa pili aliyekuwa akiingiza kitu na kubeba matumizi. Wapo watakaosema huko ni kuingiza nusu kwa mlango wa nyuma. Hapana, kwa sababu nusu ya lazima haisikilizi ushahidi wowote, na hii inausikiliza wote, ila inamuuliza kwanza yule ambaye kwa kawaida ndiye mwenye karatasi.

Pili, itakapofika siku ya kuifanyia marekebisho Sheria ya Ndoa, ambayo kila tunaposikia inatajwa huwa ni kwa ajili ya umri wa kuolewa, kifungu cha 114 nacho kiguswe. Umri ni jambo zito na kesi ya Rebeca Gyumi, aliyepinga mahakamani vifungu vinavyoruhusu kuozesha wasichana walio chini ya miaka 18, imelisukuma kwa haki. Lakini ndani ya kifungu hiki kimebaki kile kipengele cha kuitaka mahakama izingatie mila za jamii wanayotoka wanandoa, nacho kiliandikwa kwa nchi ambayo watu wengi walioa kijiji cha pili. Leo mume ni Mhaya, ambako mali hufuata upande wa baba, mke ni Mmakonde, ambako kwa asili ukoo hufuata upande wa mama. Wamekutana Temeke, wamejenga Chanika, na watoto wao hawajui kilugha hata kimoja. Hakimu akiamua kuzingatia mila atachagua ya mmoja wao, na tangu sasa tunaweza kukisia ni ya yupi. Kipengele hicho kifutwe. Vile vingine vitatu vinatosha kugawa nyumba ya Chanika.